Barua ya kazi kwa faranga 15,000: tathmini ya ofisi moja ya Kamalondo

Kwa miaka minne nimekuwa nikipeleka barua za maombi ya kazi kwenye wakala za matangazo, nyumba za uchapishaji na studio za video hapa Lubumbashi, na katika muda huo wote sikuwahi kulipa zaidi ya faranga 3,000 kwa barua moja. Mwezi uliopita nililipa 15,000 katika ofisi moja ya kuandika barua, mtaani Kamalondo. Wenzangu wanaoishi kwa kazi ya jicho na mkono, yaani grafisti, wapiga picha, wahariri wa video na wachora vibao, wameniuliza mara nyingi kama fedha hizo zilikwenda mahali pake, na kwa kuwa kila mara najikuta nikisifu jambo moja na kulalamikia jingine, nimeona afadhali niyaandike yote kwa pamoja.

Anayetafuta barua ya kazi mjini petu, ile tunayoiita letre ya motivasio, kwa kawaida huenda kwenye birotiki: kibanda chenye kompyuta moja, printa moja, na kijana anayepiga fotokopi za diplome, za kadi ya mpiga kura na za kadi ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira. Kijana huyo hakuulizi mengi. Hufungua faili iliyoandikwa zamani, akajaza jina lako, jina la kampuni na tarehe, na baada ya dakika tano unapewa ukurasa unaoanza kwa Kifaransa kizito, ambacho kwa Kiswahili kingesomeka hivi: "Nina heshima ya kufika mbele ya mamlaka yako ya juu ili kuomba kazi katika kampuni yako yenye sifa njema." Siyadharau maneno hayo. Katika ofisi ya Serikali au kampuni ya migodi, ambako barua hupita mikononi mwa makatibu kadhaa kabla ya kumfikia mkubwa, maneno hayo ni kama kupiga hodi, na asiyepiga hodi huonekana hana adabu. Taabu ni kwamba mteja wa kibandani hupiga hodi ukurasa mzima, na mlango ukifunguliwa hana la kusema. Mwaka jana kibanda kimoja kilisahau kubadilisha mstari wa kichwa cha barua, nami kwa haraka sikusoma. Nikaipelekea studio ya video barua safi, yenye sahihi yangu, inayoomba kazi ya dereva wa malori. Hawakunijibu, na siwalaumu.

Wapo wanaokwepa kibanda kwa kutumia programu za akili mnemba zilizo kwenye simu. Nami nilijaribu. Kifaransa kilikuwa kizuri kuliko cha kibandani, lakini mimi na rafiki yangu, tulioomba nafasi moja bila kuambizana, tuligundua baadaye kwamba barua zetu zote mbili zilianza kwa kusema kuwa tangu utotoni tulivutwa na nguvu ya picha. Rafiki yangu utotoni alitaka kuwa golikipa kama Kidiaba.

Ofisi ninayoitathmini iko Kamalondo, si mbali sana na uwanja wa Mazembe, katika chumba cha mbele cha nyumba ya zamani. Ina meza, kompyuta, printa, kiti kimoja cha mgeni, na jenereta ndogo iliyowekwa barazani. Haina kibao. Nilijitolea kumchorea mwenye ofisi kibao kwa bei ya rangi tu, akakataa, akisema kwamba wanaomtafuta wanamjua. Yeye ni mama mtu mzima aliyefanya kazi ya ukatibu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na katika miaka hiyo, kama alivyonieleza, kazi yake moja ilikuwa kufungua bahasha za waombaji na kuzigawa katika mafungu mawili kabla bosi hajaziona. Kwa maoni yangu huu ndio ujuzi unaouzwa pale. Kuandika Kifaransa sanifu wengi wanaweza. Waliokaa upande wa pili wa meza, wakajua ni kitu gani huwafanya watu waiweke barua kando baada ya mistari mitatu, ni wachache.

Nilimpelekea tangazo la kazi pamoja na barua yangu ya zamani, nikidhani atairekebisha. Aliisoma kwa utulivu, akaigeuza kutazama kama nyuma kuna kitu, kisha akaniambia kwa Kiswahili chetu cha hapa mjini: "Mutoto wangu, ile mukanda yako haina mutu ndani," yaani barua yangu haina mtu ndani. Akaiweka kando. Akachukua tangazo, akalisoma mara mbili akiwa na penseli mkononi, na kuzungushia alama sehemu tatu: kwamba mchoraji anayetafutwa atashughulikia vifungashio vya bidhaa, kwamba atafuatilia kazi mpaka kwa mchapishaji, na kwamba ajue programu ya kuhuisha michoro. Aliniambia kwamba tangazo ni mtu anayelalamika kwa adabu. Wanaposema kufuatilia mpaka kwa mchapishaji, maana yake yupo aliyekuwa anatuma faili na kulala, na siku ya pili rangi zikatoka tofauti.

Baada ya hapo yalifuata maswali, na kompyuta ilibaki imezimwa kwa zaidi ya saa moja. Maswali yote yaliulizwa kwa Kiswahili, na majibu yangu aliyaandika kwa biki kwenye daftari la shule, vilevile kwa Kiswahili, neno kwa neno kadiri alivyoweza. Nilipojaribu kujibu kwa Kifaransa alinikatiza. Mwanzoni niliona ni kupoteza wakati, kwa kuwa barua yenyewe ingekuwa ya Kifaransa, lakini nilielewa sababu pale aliponiuliza ni kazi gani ninayojivunia. Kwa Kifaransa nilianza kutoa yale niliyokariri: mbunifu, mwenye bidii, mwenye moyo wa kufanya kazi na wenzake. Kwa Kiswahili nilijikuta nikimsimulia habari ya mifuko ya unga.

Habari yenyewe ni hii. Mwenye kinu mmoja wa Katuba alikuwa akiuza unga wa mahindi katika mifuko ya kilo 5, 10 na 25, yote ikiwa na mchoro uleule wa hindi la kijani. Alinipa kazi ya kuuboresha mchoro. Nilikwenda dukani kwake, nikakaa asubuhi nzima, nikaona kwamba muuzaji kila mara huinua mfuko au kuugeuza kutafuta uzito, kwa sababu tarakimu ilichapwa ndogo chini kabisa, na mifuko ikipangwa moja juu ya mwingine tarakimu haionekani. Basi hindi nikaliacha kama lilivyokuwa, kwa sababu wateja walilizoea, nikaweka mkanda wa rangi kuzunguka mfuko mzima: njano kwa kilo 5, nyekundu kwa 10, buluu kwa 25. Na kwa kuwa kila rangi ya ziada huongeza gharama ya kuchapa, nilitafuta namna ya kila mfuko kubaki na rangi mbili tu, ile ya mkanda na ile ya hindi.

Yule mama aliacha kuandika. "Na ile mifuko ya bunga, ni weye njo uliichora?" Nikasema ndiyo. Akafungua barua yangu ya zamani tena, akatafuta mahali ambapo mifuko hiyo imetajwa, akaipata: "uzoefu katika usanifu wa vifungashio mbalimbali." Miaka miwili ya kazi na asubuhi nzima ya kukaa juu ya gunia, vyote vilikuwa vimefungwa ndani ya maneno sita ambayo mtu yeyote angeweza kuyaandika bila kuwahi kushika rangi.

Aya aliyoitunga kutokana na masimulizi hayo ndiyo ninayoihesabu kuwa thamani ya fedha zangu. Ilikuwa na sentensi nne: muuzaji alikuwa na shida gani, nilitazama nini, nilibadilisha nini na niliacha nini, na kwa nini gharama haikupanda. Katika barua nzima hapakuwa na neno "mbunifu" hata mara moja. Mpangilio wake ni ule unaofundishwa katika shule za Kifaransa, wa Ninyi, Mimi, Sisi: aya ya kwanza inaonyesha kwamba mwombaji ameielewa kampuni na haja yake, ya pili inaeleza alichofanya yeye, ya tatu inasema watafanya nini pamoja. Mpangilio huo ni wa kawaida, na wengi wanaujua kwa jina. Tofauti ni kwamba vibanda huijaza aya ya kwanza kwa sifa tupu za kampuni, lakini yeye aliijaza kwa vifungashio viwili vya kampuni hiyo ambavyo alinituma nikavitazame madukani kabla ya kurudi siku ya pili. Nilivikuta, na kimoja kilikuwa na kasoro ileile ya tarakimu ndogo. Tulibishana kama niitaje. Mwishowe tuliandika kwamba ningependa kuzungumza nao juu ya namna uzito unavyosomeka kwenye rafu, bila kumwambia mtu kwamba kazi yake ni mbovu katika barua ya kumwomba ajira.

Mambo mawili aliyoyakata yanastahili kutajwa, kwa kuwa karibu sote huyaandika. La kwanza ni umaskini. Katika barua yangu ya zamani nilikuwa nimeeleza kwamba mimi ni kifungua mimba na kwamba wadogo zangu wanne wananitegemea kwa karo, nikiamini kwamba moyo wa mkubwa utalainika. Alipitisha mstari juu ya aya nzima, akasema, "Njala haiko diplome." Niliumia kidogo, nakiri, lakini sikuwa na la kumjibu. La pili ni uongo mdogo. Tangazo lilitaka mtu anayejua After Effects, ile programu ya kuhuisha michoro, nami nilikuwa nimeandika kwamba naimudu kikamilifu. Aliniuliza kama jioni ileile wakiniweka mbele ya kompyuta nitaweza kuhuisha nembo yao. Nilinyamaza. Ikaandikwa kwamba nimetengeneza vichwa vifupi viwili vya video kwa programu hiyo na kwamba bado ninajifunza, jambo ambalo ni kweli.

Ukutani mwake palining'inia kalenda kuukuu yenye picha ya samaki na ndege katikati ya majani, kwa mtindo ambao kila aliyekulia hapa anautambua hata kama hajui unatoka wapi. Mwaka 1946, mji huu ukiwa bado unaitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar, na hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Kila mmoja alitakiwa autafute mkono wake mwenyewe. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza turubai kwa mistari mifupi iliyobanana. Pili Pili Mulongoy alikaa na viumbe vya majini na ndege zake. Walikuwa chini ya paa moja, pengine wakitumia rangi za makopo yaleyale, na bado leo hakuna anayeweza kuchanganya picha ya Bela na ya Mwenze. Nilipokuwa nikingoja printa ipate moto niliitazama kalenda ile, nikafikiri juu ya faili ya kibandani yenye nafasi tupu za kujaza jina, iliyosambazwa katika mji wenye historia ya namna hiyo.

Hata hivyo yule mama mwenyewe hana jicho la uchoraji, na hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Barua aliyoichapa ilikuwa na herufi za Times New Roman, kichwa chenye herufi kubwa, nene, zilizopigiwa mstari, na pambizo nyembamba kiasi kwamba maneno yalikaribia ukingo wa karatasi. Kwa mhasibu hilo ni jambo dogo. Kwa mtu anayeomba kazi ya kupanga kurasa, barua yenyewe ndiyo ukurasa wa kwanza atakaopimiwa, na msomaji mwenye ujuzi ataona kosa la nafasi kati ya mistari kabla hajasoma jina. Nilimwomba faili ya maandishi, nikaipanga upya nyumbani: aina moja ya herufi, ukubwa wa pointi 11, pambizo za sentimita 2.5, anwani yangu kushoto na ya mpokeaji kulia kama desturi inavyotaka, bila pambo lolote. Awali nilitaka kuweka mchoro pembeni, yeye akapinga, na kwa hilo alikuwa na haki. Michoro ina mahali pake, nayo ni kwenye kitabu cha kazi, yaani mkusanyo wa kazi ambazo mwombaji huambatanisha na barua.

Na juu ya kitabu cha kazi hana msaada. Aliandika tu kwamba "baadhi ya kazi zimeambatanishwa," sentensi ambayo ingefaa kwa vyeti. Katika fani zetu barua na kitabu cha kazi husomwa pamoja, na mara nyingi kitabu hufunguliwa kwanza. Kwa hiyo barua inapaswa kumwongoza msomaji atazame nini na kwa nini. Niliiongeza sehemu hiyo mwenyewe. Nilitaja kazi tatu tu kati ya zaidi ya arobaini nilizo nazo, zile zinazokaribiana na tangazo, na kwa kila moja nikaeleza nilichofanya kwa mkono wangu. Bango moja la tamasha, kwa mfano, lina picha iliyopigwa na mwenzangu. Nikaandika kwamba yangu ni herufi na mpangilio, picha ni ya mwingine. Mji wetu ni mdogo kwa watu wa fani hii, na mpiga picha huyo angeweza kuwa ameketi katika chumba kilekile cha usaili.

Faili pia ilinipa taabu ambayo pale ofisini hawakuijua. Kitabu changu cha kazi kilikuwa na megabaiti 38, kwa sababu picha zote zilibaki na nukta 300 kwa inchi kama za kupelekwa kwa mchapishaji. Kwa kusomwa kwenye skrini nukta 150 zinatosha. Nilipozipunguza, faili ikashuka mpaka megabaiti 5, ikapita kwenye barua pepe bila kurudishwa. Anayepokea faili kwa intaneti ya simu, akilipia kila megabaiti, hatakusubiri.

Lalamiko lililobaki ni zito kuliko herufi. Barua za wateja wote zimehifadhiwa kwenye kompyuta ile, wazi, kila moja kwa jina la mwenyewe, na aliyeketi kwenye kiti cha mgeni anaziona. Nikiwa nangoja niliona jina la mtu wa mtaani kwetu pamoja na cheo anachokiomba, wakati mwajiri wake wa sasa, nina hakika, hajui kwamba anataka kuondoka. Nilimwomba yule mama aifute barua yangu mbele yangu. Alifanya hivyo, ila kwanza aliuliza kama simwamini, na ikanibidi nieleze kwa maneno mengi kwamba yeye namwamini, nisiyemwamini ni yule atakayeketi baada yangu. Umeme nao ulikatika mara mbili, na maneno ya aya ya mwisho tuliyapaza sauti kushindana na jenereta.

Niliitwa baada ya siku tisa. Katika usaili swali la kwanza lilikuwa juu ya mifuko ya unga: waliuliza kwa nini nililiacha hindi. Nafasi yenyewe hawakunipa, kwa kuwa walimpata mwenye uzoefu mkubwa zaidi wa video, lakini wamenipa kazi ya lebo kwa miezi mitatu, ambayo ninaifanya sasa. Siwezi kuipa barua sifa yote. Kitabu cha kazi kilifanya sehemu yake, na pengine pia bahati ya kasoro niliyoiona dukani. Ninachoweza kusema ni kwamba katika miaka minne hiyo ilikuwa barua yangu ya kwanza iliyomfanya mtu aniulize swali.

Kwa hiyo, anayetaka barua moja ya kutuma sehemu ishirini, au anayeomba kazi ya ofisi ambako hodi inatosha, asimsumbue mama yule. Kibanda cha faranga 3,000 kitamfaa, mradi asome mstari wa kichwa. Anayefaa kwenda pale ni mwenye kazi alizozifanya kweli lakini anashindwa kuzisema, na awe na subira ya kuulizwa maswali. Aende na tangazo lililochapwa, si la kwenye simu, na diski ya flashi ya kuchukulia faili ili apange ukurasa mwenyewe. Bei ya 15,000 ni pamoja na kurudi mara ya pili ndani ya wiki moja kwa marekebisho, bila nyongeza. Ofisi hufunguliwa saa tatu asubuhi, Jumatatu mpaka Jumamosi, na inafaa kuwahi, kwa sababu kiti cha mgeni ni kimoja, na anayefuata hungojea barazani, karibu na jenereta.